Tanga Mbili Kando ya Mississippi

Kiswahili, lugha iliyolelewa na joto la pwani, kina maneno kadhaa ya maji yaliyoganda. Lipo neno barafu, lenye asili ya Kiajemi, ambalo huko lilikotoka humaanisha theluji. Lipo theluji lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu. Yapo pia jalidi na sakitu, ambayo wanafunzi wangu wa sekondari waliyakuta katika kamusi, mwaka baada ya mwaka, wakaniuliza: "Mwalimu, haya yana kazi gani kwetu?" Nami niliwajibu kwamba neno halidaiwi kodi ya pango, liacheni likae, siku yake itafika.

Siku hiyo ilinifikia mimi mwenyewe mwezi Machi, mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, nilikokwenda kumtembelea rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu cha Marangu. Pale Marangu, asubuhi yenye anga safi, tuliiona theluji ya Kibo kutoka chini, tukaitungia mashairi bila kuigusa. Yeye ndiye aliyekuwa malenga wetu. Mizani kwake haikuwa hesabu ya vidole bali pumzi. Alikuwa akijibizana kwa beti na watu watatu kwa mpigo, na akawashinda. Sasa anaishi na binti yake huko ughaibuni, mwaka wa sita huu, na tangu marehemu mkewe azikwe huko, miaka minne iliyopita, hajatunga hata ubeti mmoja.

Tulianzia kwenye maporomoko ya Minnehaha. Kijito kinachoanguka pale hushuka kiasi cha mita 16, lakini siku ile maji yalikuwa yamesimama kama pazia jeupe lililotundikwa ukutani, na nyuma ya pazia ulisikika mchirizi mdogo ukijipenyeza. Ngazi za kushukia chini zilifungwa kwa ajili ya utelezi, kwa hiyo tukatazama kutoka juu, kisha tukafuata njia ya miguu inayoambaa na kijito hadi kinapoingia katika mto Mississippi. Chini ya viatu tulifunga mpira wenye vyuma vya meno, na tulitembea kama watu wanaokanyaga mayai.

"Unajua maana ya Minnehaha?" aliniuliza. Nikasema nilisikia ni maji yachekayo. Akatikisa kichwa. Tafsiri hiyo, alisema, ilienezwa na utenzi wa Longfellow wa mwaka 1855, ukapendwa, ukasomwa dunia nzima. Lakini kwa Wadakota, wenye lugha, jina hilo ni maporomoko ya maji tu. *Mni* ni maji. Ndiyo yaliyomo katika Minnesota, na ndiyo yaliyomo katika Minneapolis, ambako neno la Kidakota limeungwa na neno la Kiyunani la mji. "Watu hapa hutaja maji kila siku katika lugha wasiyoijua," alisema. Na Mississippi nalo ni la Waojibwe: mto mkubwa.

Nilifurahia somo, maana mwalimu hastaafu masikio. Lakini niliona kwamba rafiki yangu hakuwa akinifundisha etimolojia. Alikuwa akinieleza khofu yake.

"Mwalimu," alisema, kwa kuwa sisi wawili hatujawahi kuitana vinginevyo, "nikitunga juu ya minazi na kaskazi, nasema uongo, sivioni. Nikitunga juu ya haya, natafsiri. Mjukuu wangu aliniuliza ile barafu inayoning'inia kwenye ukingo wa paa inaitwaje kwa Kiswahili. Nilikaa kimya. Mtu wa miaka sitini na tano, aliyefundisha Fasihi, nikakaa kimya mbele ya mtoto wa miaka minane."

"Na yeye akafanyaje?"

"Akaiita meno ya paa."

Nilisimama njiani. Nikamwambia kwamba kamati nzima ya wanaisimu ingekaa wiki moja, ikanywa chai na kuondoka na istilahi yenye maneno matano, na isingefikia nusu ya hilo. Alicheka kidogo, kisha akaongeza kwamba mtoto yuleyule alikuja kutoka shule akieleza jinsi walivyopelekwa msituni kutoboa miti ya maple na kukinga utomvu wake kwenye ndoo, ambao huchemshwa hadi uwe asali nzito. Mwisho wa majira ya baridi ndio wakati wake, kwa sababu usiku huganda na mchana huyeyuka, na mpishano huo ndio unaousukuma utomvu. Mtoto alisema *kutoboa*. Babu akamsahihisha: ni *kugema*.

"Basi natafsiri nini?" nilimuuliza. "Hilo la kugema umelitafsiri? Umelitoa mnazini ukalipa mti mwingine, nalo limekubali."

Hakunijibu. Tulikuwa tumefika ukingoni mwa Mississippi. Katikati, mkondo mweusi ulikuwa umefunguka, na vipande vya barafu vilielea kuelekea kusini, kwenye safari ya mto ule wa zaidi ya kilomita 3,700 tangu ziwa Itasca hadi Ghuba ya Meksiko. Kandokando barafu bado ilishikilia, ya kijivu, yenye kulia chini kwa chini. Juu ya mti mkavu alikaa tai mwenye kichwa cheupe, na wote wawili tukasema kwa pamoja: "Furukombe!" Siye, bila shaka, ila ni wa ukoo mmoja naye, na alilitazama lile pengo la maji kwa jicho lilelile linalotazama Ziwa Viktoria.

Hapo ndipo tulipobishana juu ya jina la majira. Kipupwe? Alikataa. Kipupwe ni baridi ya shuka na kikombe cha tangawizi; haivunji mabomba. Majira ya baridi? Hayo yalikuwa yakiondoka mbele ya macho yetu. Majira ya kuchipua? Hapakuwa na chipukizi hata moja. Nikamkumbusha neno la mabaharia: tanga mbili, yale majuma ambapo kaskazi imechoka na kusi haijashika, upepo huja huku na huku, na chombo chaweza kwenda upande wowote. Wapenda sarufi watauliza kwa nini isiwe matanga mawili. Ni msemo wa wanamaji, na umeganda hivyo.

Alilirudia neno mara mbili. Kisha akasema, akiutazama mto: "Matanga nayo sijayaanua." Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Aliniambia wanawe walioko nyumbani wanamwita arudi, nyumba ipo, shamba lipo. Lakini mkewe yuko hapa, chini ya theluji, na kila Machi ikiyeyuka yeye huenda kufagia majani yaliyooza juu ya kaburi. Nilimsikiliza. Sikuwa na ushauri, wala sikuutafuta.

Tulifika hadi makutano ya Mississippi na mto Minnesota, mahali ambapo Wadakota hupaita Bdote, nao hupahesabu kuwa mahali patakatifu. Juu ya genge ipo ngome ya Fort Snelling. Baada ya vita vya mwaka 1862, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa bondeni pale chini majira yote ya baridi, na watu wengi wakafa. Wale waliobaki wakafukuzwa jimboni. Majina waliyoyaita maji yamebaki kwenye ramani na vinywani mwa watu wasiowajua. Leo Kidakota kinafundishwa tena, hata katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Nikiwa nimesimama pale, nilielewa kwamba jina kubaki mtoni si lugha kubaki hai. Lugha hubaki hai pale babu asahihishapo *kutoboa* kuwa *kugema*, na pale mtoto amfundishapo babu *meno ya paa*.

Majuma matatu baada ya kurudi nyumbani, nilipokea kwenye simu ubeti mmoja. Sitaunukuu, kwa kuwa si wangu. Ndani yake mlikuwa na sakitu, mlikuwa na tanga mbili, na kibwagizo kilimtaja mtu ambaye mimi pia nilimpenda kama dada. Mshororo wa tatu ulipungukiwa na mizani moja. Nilimwandikia hivyo, kama ambavyo angeniandikia mimi. Akajibu kwamba anajua, na kwamba atauacha hivyo.

Wenzangu mlioko katika nchi za theluji, nawaomba jambo moja: yale mnayoyaona madirishani, mnayaitaje mnapozungumza na watoto wenu? Tuandikieni. Na iwapo mtoto amewatangulia kulipata jina, liandikeni la mtoto.