Askari Aliyelala

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nilikuwa nikiiandika tu kwenye insha ili nipate alama. Likizo ya Agosti mwaka uliopita ndiyo iliyonifunza maana yake.

Nilipanda matatu kutoka Nkubu hadi Embu kwa mjomba, ambaye hutunza kompyuta za ofisi moja inayowalipa wakulima wa kahawa. Ofisini humo mna seva inayopokea barua pepe zote. Ndani yake kuna programu iitwayo ClamAV, mfano wa askari wa langoni: hukagua kila barua na viambatisho vyake, na yenye virusi huwekwa karantini. Kila asubuhi seva huandika ripoti. Mjomba alinipa kazi moja tu: "Kijana, soma hiyo ripoti. Ukiona neno geni, niambie." Siku ya kwanza nilisoma yote. Siku ya pili nusu. Kuanzia ya tatu nikawa naifuta tu, niendelee na michezo yangu.

Jumatatu moja karani alifungua barua iliyojiita ankara. Lo! Faili za malipo zikajifunga moja baada ya nyingine. Meneja akafoka, "Mama, umetuponza! Kazi huna!" Yule mama alibubujikwa na machozi. Mimi nikatulia tuli kama maji mtungini.

Mjomba hakumlaumu. Alisema kwamba Mei 2000 barua ya mapenzi ya uongo, ILOVEYOU, ilitoka Ufilipino, na hata bunge la Uingereza likalazimika kuzima barua pepe zake. "Wakubwa hudanganywa, sembuse karani? Tumuulize askari."

Alijitumia barua yenye zile herufi 68 za EICAR, ambazo hazina madhara yoyote, ila zilitungwa ili kupima kinga za virusi. Barua ikapita bila kuulizwa! Akachunguza, akaona karantini imejaza diski pomoni. Orodha mpya ya virusi ikakosa pa kukaa, na programu ikazimika. Tena mjomba mwenyewe alikuwa ameiamuru seva ipitishe barua iwapo mkaguzi hajibu, ili zisichelewe. "Hapo nilikosea," akakiri. Kisha akageuka. "Lakini ripoti haikusema diski imejaa?"

Moyo ulinidunda. Nilifungua zile nilizofuta. Ilikuwa imesema, siku sita mfululizo.

Nilimtazama yule mama akipanga vitu vyake mkobani. "Mjomba, ni mimi," nikasema. "Nilizifuta bila kusoma."

Meneja alinyamaza kwa muda, halafu akamwambia karani arudi mezani. Faili zilirudishwa kutoka nakala ya Ijumaa. Mjomba akasafisha diski, akawasha programu, akabadilisha amri: mkaguzi akizimika, barua zingoje. Akatuma tena herufi 68. Mara hii zilinaswa.

Wenzangu, askari naye hulala, basi apimwe mara kwa mara. Mimi siku hizi nikipewa ripoti, naisoma hadi nukta ya mwisho.