Vijana wa Coalwood na Roketi Zao

Kijana msomaji, aghalabu kila mwaka hutokea mwanafunzi katika darasa langu aulizaye kama roketi yaweza kuundwa na mtu kama yeye. Swali hilo si dogo kwangu. Mwalimu akilipuuza, huenda akazima taa ambayo hataweza kuiwasha tena; akilijibu kwa pupa, huenda akamtia mtoto wa watu motoni. Basi sikiliza kwanza habari za vijana waliouliza kama wewe, kisha nitakupa jibu langu.

Tarehe 4 Oktoba, 1957, Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, mwezi wa kwanza kuundwa na binadamu. Katika Coalwood, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani, kijana Homer Hickam na rafiki zake waliazimia kuunda roketi. Jaribio la kwanza halikupaa. Lililipuka, likaharibu uzio wa bustani ya mama yake. Roketi zilizofuata waliziita Auk, jina la ndege asiyeweza kuruka, na zile za mwanzo zilistahili jina hilo.

Wengine wangaliishia hapo. Wao walitafuta sababu. Roketi husukumwa mbele na hewa ya moto itokayo nyuma kwa kasi, nayo njia ya hewa hiyo sharti iwe nyembamba kooni kisha ipanuke, kwa kipimo kilichohesabiwa. Tena, kitovu cha uzito wake hakina budi kuwa mbele ya mahali ambapo nguvu ya upepo hukusanyika. La sivyo, chombo hupepesuka angani kama mlevi njiani. Mambo hayo hayapatikani kwa kubahatisha. Mwalimu wao, Bibi Freida Riley, alimpa Homer kitabu cha elimu ya makombora. Mafundi wa karakana ya mgodi wakawachongea vyuma. Na hesabu ngumu wakajifunza wenyewe. Mwaka wa 1960 Homer alishinda katika maonyesho ya sayansi ya taifa mjini Indianapolis, na roketi yao ya mwisho ikapanda kiasi cha futi 31,000. Baadaye akawa mhandisi wa NASA.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya ugenini tu. Tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, roketi ilipeleka angani chombo kilichoitwa Uhuru, cha kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni.

Jibu langu ni hili. Usichanganye baruti jikoni wala nyuma ya bweni. Vijana wa Coalwood walipona, lakini si kila ajaribuye hupona. Moto hauheshimu bidii wala umri. Hata huko Marekani, waundao roketi kubwa za mfano leo hutumia injini zilizokwisha kupimwa, nazo zile zenye nguvu nyingi hawauziwi ovyo mpaka wathibitishe ujuzi wao.

Lakini swali lako usilizike. Anza na chupa ya plastiki, maji na pampu ya baiskeli, uwanjani, mbele ya mwalimu wako. Kanuni itakayoirusha ni ile ile iliyoirusha Uhuru. Pima, andika, rekebisha, urushe tena. Chupa ikianguka, usiilaumu. Rudi kwenye daftari lako, ukatafute ni hesabu ipi iliyokosewa.