Kila Mtu na Upande Wake wa Boma

Watoto wa kipaimara wanapojifunza Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, hufika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana na kushangaa kidogo. Wanaulizwa mkate wa kila siku ni nini, nao wanategemea kusikia habari za ugali na maziwa. Luther anaanza na chakula kweli. Anataja mavazi, nyumba, shamba na mifugo, na sisi wafugaji tunafurahi kuona ng'ombe wetu wamo. Kisha anaendelea: serikali njema, amani, hali njema ya hewa, majirani waaminifu. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza darasani, "Mchungaji, jirani analiwaje?" Tulicheka wote, lakini nimelibeba swali lile kwa miaka mingi, kwa sababu hapa Malambo jibu lake linaonekana kila siku. Jirani haliwi, ila mahali ambapo majirani hawasimami pamoja, hata chakula kilichopo hakifiki mdomoni.

Malambo ni kata ya wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro. Mvua zetu ni chache, na zikija huja kwa hasira. Korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kukata barabara jioni. Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, na fundi aliyeitwa kutoka huko atafika barabara ikipitika. Kwa hiyo bomba likipasuka au uzio wa shule ukianguka, anayefika kwanza ni yule anayeishi karibu. Akipita kama hakuona, na wa pili atapita hivyo hivyo.

Habari za mambo haya tunazipata kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano huo ndio mamlaka ya juu kijijini, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tunakaa chini ya mti, wazee upande wao, vijana wamesimama wameegemea fimbo zao, akina mama pembeni na watoto mgongoni. Mtendaji anasoma taarifa: mapato na matumizi, michango ya shule, hali ya kisima, mipaka ya alalili tuliyowatengea ndama. Mtu mwingine anatafsiri kwa Kimaasai. Ni usomaji mkavu, na jua linapopanda watu huanza kuondoka mmoja mmoja.

Nimesikia Wakristo wema, watu wa maombi, wakisema: "Mambo ya kijiji nimewaachia wanasiasa. Mimi nashughulika na ya Mungu." Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa maana wengi wao wamechoshwa na maneno mengi yasiyo na matendo. Lakini nimesoma Biblia nikitafuta mahali ambapo Mungu amewapa watu wake ruhusa hiyo, na sijapaona. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli (sura ya 29) akiwahimiza wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani na kuuombea mji ule walimohamishiwa. Ikiwa mateka walipewa kazi hiyo katika mji wa wageni, sisi tulio kwetu tutajitetea vipi?

Sura ninayoipenda kuliko zote katika jambo hili ni ya tatu ya Nehemia. Tulipokuwa chuo cha theolojia wengi wetu tuliiruka, maana ni orodha ya majina magumu tu. Siku hizi naisoma polepole. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, na mwandishi anatuambia nani alitengeneza sehemu gani. Anaanza na kuhani mkuu Eliashibu na makuhani wenzake, waliojenga lango la kondoo. Wanafuata mfua dhahabu na mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu, aliyekuwa mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, alifanya kazi pamoja na binti zake. Malkiya, naye mkuu wa mtaa, alitengeneza lango la jaa, yaani mlango wa kupitishia takataka. Na mara kadhaa tunaambiwa kwamba fulani alitengeneza mbele ya nyumba yake mwenyewe. Meshulamu alitengeneza mbele ya chumba chake. Chumba kimoja! Hata hivyo ukuta uliokuwa mbele ya chumba hicho ulimhusu.

Mwandishi hakuficha pia waliokataa. Watu wa Tekoa walifanya kazi, lakini wakuu wao hawakutaka kuinamisha shingo. Mbele kidogo katika sura hiyo hiyo Watekoa wanatajwa tena: wamemaliza sehemu yao na kuongeza nyingine. Hawakusema, "Mpaka wakubwa wetu waje."

Mmaasai anaielewa sura hii bila mhubiri. Boma ni duara. Mifugo hulala katikati, nyumba zinazunguka, na nje kuna uzio wa miiba. Kila familia ina lango lake, na uzio ulio karibu na lango lako ni wako: wewe ndiye unayekata matawi ya mgunga, unayeyaburuta, unayeziba pale yalipooza. Hakuna anayejenga boma zima peke yake, na hakuna asiye na upande. Lakini fisi hachagui mbuzi wa mvivu. Akiingia upande ulioachwa wazi, atakula wa yeyote atakayemkuta. Nimewahi kukaa asubuhi moja na mama aliyepoteza mbuzi watano usiku mmoja, na upande wake wa uzio ulikuwa mzima kabisa. Mwenye upande mbovu alikuwa amesimama pale pale na sisi, hakupoteza hata mmoja, na hakuwa na la kusema. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba wakati mwingine atakayejenga ni jirani yako.

Sasa nieleze jambo gumu zaidi, kwa maana kuhubiri kuhusu kazi za pamoja ni rahisi mpaka fedha ziingie.

Katika kitongoji kimoja ambacho sitakitaja, mbauti ya kunyweshea mifugo ilipasuka. Maji yakawa yanamwagika, pakawa tope, na ng'ombe wakasogea mpaka kwenye koki ambapo akina mama huchota maji ya kunywa. Ukatakiwa mchango wa kila kaya kwa ajili ya saruji na fundi. Kijana mmoja, Mkristo wa usharika, akakataa hadharani. Alisema: "Tulichanga kabla ya hapa. Zile fedha zilikwenda wapi? Mpaka nionyeshwe daftari, sitoi hata shilingi." Watu wengi wakamuunga mkono, wengine kwa sababu walikuwa na uchungu wa kweli, wengine kwa sababu ni nafuu kutotoa. Wazee wakamwona hana adabu. Wiki zikapita, ng'ombe wanakanyaga, maji yanapotea mchana kutwa katika nchi ambayo kiangazi hakisamehi.

Watu walinijia wakitaka niseme nani ana haki. Kwangu ilikuwa vigumu, maana kijana yule alikuwa anauliza swali ambalo hata Mtume Paulo alilitambua. Katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Paulo anabeba mchango mkubwa kwa ajili ya watakatifu, na anaeleza kwamba hausafirishi peke yake. Anafuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu. Kama Paulo aliona anahitaji mashahidi, kamati gani ya maji isiyowahitaji?

Mkutano ulipokaa, mabishano yalichukua muda mrefu. Kisha bibi mmoja, mjane, akaomba nafasi. Wasemaji wengi walikuwa wanaume, na hakuwa amezoea kusimama mbele yao. Alisema maneno machache: "Mimi daftari sijui kulisoma. Ninyi mnaojua, lisomeni, ni vizuri. Lakini wajukuu zangu wanaharisha tangu ng'ombe waanze kukanyaga pale ninapochota. Mkimaliza kulisoma, nao watakuwa wamepona?"

Kukawa kimya. Kijana yule akainamisha kichwa, kisha akasema, "Koko, kesho nitakuja na sululu. Lakini na daftari nalitaka." Bibi akamjibu, "Litafute, mwanangu. Mimi nami nalitaka."

Nadhani hapo ndipo nilipoielewa vizuri sura ya tano ya Nehemia, inayofuata muda mfupi baada ya ile ya majina. Kazi ya ukuta inaendelea, na katikati yake wanyonge wanalia kwamba ndugu zao wakubwa wanawatoza riba na kuwanyang'anya mashamba. Nehemia hakusema, "Nyamazeni, tujenge kwanza." Aliita mkutano mkubwa, akawakemea wakuu mbele ya wote, akawaapisha warudishe. Wala hakusema ukuta usubiri mpaka kila senti irudi. Anaandika pia kwamba kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Kuuliza na kutengeneza vilikwenda pamoja, na mtu yule yule alishika vyote viwili.

Mbauti ile ilizibwa kwa msaragambo, na uzio wa miiba ukazungushwa kwenye koki. Daftari lilipoletwa, lilikuwa na pengo. Fedha za msimu mmoja hazikuelezeka, na mpaka ninapoandika hazijaelezwa. Sitaki msomaji adhani mambo yalimalizika kama hadithi ya watoto. Mkutano uliamua kuanzia siku ile daftari lishikwe na watu wawili wasio wa ukoo mmoja, na mapato na matumizi yasomwe kila mwezi pale pale kwenye maji, ambapo akina mama wapo. Kijana yule ni mmoja wa hao wawili. Aliniambia baadaye, "Mchungaji, sasa ndio najua kwa nini watu hukimbia kazi hii." Hakuikimbia.

Sisi Walutheri tusione kwamba taarifa ya fedha ni jambo la kidunia lililopenyezwa kanisani. Mwaka 1523 wakristo wa mji wa Leisnig, huko Saksonia nchini Ujerumani, waliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, shule na matengenezo, na Luther akaandika dibaji ya utaratibu wao. Walichaguliwa wasimamizi kumi: kutoka kwa watu wa cheo, halmashauri ya mji, wenyeji wa mjini na wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake, hata halikuweza kufunguka mpaka makundi yote manne yawepo. Mara tatu kwa mwaka watu wote walipaswa kukusanyika na kusikia habari za sanduku lao. Napo pia mambo hayakwenda laini, maana halmashauri ya mji ilisita kukabidhi mali, na Luther akalazimika kumlalamikia mtawala. Lakini angalieni hekima ile: mkulima wa kijijini naye alishika ufunguo.

Nasi tunayo mazoea hayo, ila tumeyafungia ndani ya kanisa. Kila Jumapili mzee wa kanisa anasimama na kusoma sadaka ya wiki iliyopita, tena kwa shilingi kamili, na hakuna anayeona ni utovu wa imani. Hata neno tunashirikiana na serikali: wao mijini wana mtaa, na sisi katika usharika tuna mtaa. Yule anayesikiliza kwa makini hesabu ya sadaka aende pia akasikilize hesabu ya kisima, kwa masikio yale yale.

Kwa hiyo nawaomba wapendwa mambo matatu. Mkutano wa kijiji ukitangazwa, viongozi wa jumuiya wautangaze kwenye ibada za nyumbani, na ratiba zetu zisigongane nao. Mkiwa mkutanoni, kaeni mpaka taarifa iishe, na mwenye swali aliulize pale, mbele ya anayeulizwa, wala asilipeleke njiani ambako linageuka kuwa masengenyo. Amri ya nane inatuhusu hata tunapozungumza juu ya mtendaji. Na katika ile amri ya saba, Luther anafundisha kwamba kutokuiba hakutoshi: tumsaidie jirani kuilinda na kuistawisha mali yake. Koki inayovuja ni mali ya jirani inayopotea mbele ya macho yako.

Bwana, utupe leo mkate wetu, na pamoja nao majirani waaminifu, viongozi wasioogopa kuulizwa, na mvua kwa kiasi chake. Utupe ujasiri wa kuuliza na nguvu ya kubeba jiwe. Uwakumbuke wajane wanaochota maji alfajiri, na watoto wanaoyanywa. Amina.