Kwa Bruda Colm, Iten

Iten huamka kabla ya jua. Gizani unasikia viatu vikikanyaga udongo, kundi baada ya kundi, na pumzi za watu wasio na muda wa maongezi. Kukipambazuka ndipo unapowaona wakimbiaji, vumbi jekundu limewapaka hadi magotini. Mji huu uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Bonde la Kerio, na mgeni kutoka pwani huhema kwa kupanda kilima kidogo tu.

Wengi huyatazama makundi hayo wakaondoka wakiamini kwamba siri ya mbio zao ni hewa ya milimani. Mimi nawashauri wafike Shule ya Upili ya St Patrick's, watembee chini ya miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa wake. Hapa alisoma Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988. Hapa alisoma Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Hewa kama ya Iten wanaivuta watu wa milima mingi ya Kenya. Mwalimu kama Bruda Colm walimpata wachache.

Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa kocha, wala hakuwa amesomea riadha. Aliyemvuta uwanjani ni mwalimu mwenzake, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, mwanariadha mashuhuri wa Uingereza. Foster alipoondoka, timu ikabaki kwake. Akawa anajifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe: nani anakaza mabega, nani anatua vibaya, nani amechoka lakini hasemi.

Mtindo huo ungali unaonekana kwa vijana wanaofanya mazoezi hapa wakati wa likizo. Nilidhani nitakuta mbio za kukata roho. Nikakuta mabinti na wavulana kwenye nyasi wakiinua magoti polepole, wakinyoosha migongo, wakirudia hatua ileile mpaka ikawa laini. Kambi za likizo O'Connell alizianzisha mwaka 1989, na kwa kuwa St Patrick's ni ya wavulana, kambi ndizo zilizowafungulia wasichana mlango. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, ni miongoni mwa waliopitia kwake.

Halafu kuna mita 800, na hapa sharti nisimame. Wilson Kipketer, mwanafunzi wa St Patrick's aliyekuja kuiwakilisha Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya 1:41.11 mwaka 1997. David Rudisha, kijana wa Kimaasai ambaye O'Connell alimtoa kwenye mita 400, aliivunja mara mbili Agosti 2010, kisha London mwaka 2012 akakimbia 1:40.91. Wote wawili walilelewa na kocha mmoja, katika mji mmoja mdogo.

Kinachonigusa ni kwamba O'Connell alibaki. Mabingwa walikwenda Ulaya na kutajirika. Yeye aliendelea kuishi ndani ya ua wa shule, akimsubiri mtoto mwingine asiyejulikana. Viongozi wa michezo wanaotafuta vipaji waanze kwa walimu wa namna hii walio shuleni sasa: wawape mafunzo, wawalipe vizuri, na wasiwahamishe kila mwaka.