Chatu Naye ni Jirani

Kwetu Bura ukitaja chatu, kila mtu huanza kuhesabu mbuzi wake. Nami nilikuwa nao sita, kwa hivyo usidhani namtetea kwa kuwa sina cha kupoteza.

Makao yake ni msitu ulioandama kingo za Mto Tana. Humo mna maji, kivuli na tumbili; nje yake ni vumbi tupu. Nyoka huyu hana sumu. Hujilaza majini, pua tu ikiwa juu, akingoja windo lije lenyewe. Akishauma hujizungusha na kukaza mpaka damu ikome kutembea. Watu husema huvunja mifupa, lakini sivyo. Akishameza digidigi, aweza kukaa majuma kadhaa bila kula.

Jike ndiye hunishangaza. Huyazingira mayai yake kwa mwili na kuyalinda miezi miwili au mitatu, bila kula, mpaka yaanguliwe. Kuku wangu hawana subira hiyo!

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoufunika msitu, chatu mmoja alipanda hadi zizini kwangu. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaliwa. Vijana wakaja na mapanga. Nyanya mmoja jirani yetu akasimama mbele yao: "Wajukuu zangu, hata yeye amefukuzwa na maji."

Niliwaza ada ya shule iliyokuwa tumboni mwa yule nyoka. Lakini nyanya hakusogea, nasi tukamsukuma chatu kwa fito ndefu hadi vichakani. Siku ya pili nilizungushia zizi miba ya mathenge, mti ulioletwa hapa miaka ya 1980 ukatuvamia. Angalau kwa hilo umefaa.