Makanga amegonga kabla mama hajapanda

Nimekuwa kimya kwa sababu ya hitilafu moja iliyoninyima usingizi. Leo niisimulie, maana ilikaribia kumpotezea mtu kazi.

Niliandika draiva ya Linux kwa ajili ya kioski cha maji hapa Machakos. Mteja akilipa, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM huiambia kadi ya vali itoe lita ngapi. Kadi hiyo husoma memori yenyewe, bila kupitia prosesa. Kwa hiyo draiva yangu ilifanya mambo mawili: kwanza iliandika idadi ya lita, kisha ikawasha biti moja yenye maana ya "tayari, chukua".

Nyumbani, kwenye kompyuta yangu ya Intel, niliijaribu wiki mbili bila kosa hata moja. Kule kioskini, mara chache sana, aliyelipia lita 20 alipata 5 za mteja aliyemtangulia, au kinyume chake. Aliyepunjwa alilalamika akaongezewa. Aliyezidishiwa alinyamaza akaenda zake. Mwisho wa mwezi lita zilizotoka zilizidi pesa zilizoingia, na mwenye kioski akamkata mshahara kijana anayeuza.

"Fundi, mimi sijaiba," kijana aliniambia. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia tajiri wake kwamba programu haina shida.

Nikaanza kutafuta. Nikiweka mstari wa kuchapisha ujumbe katikati ya hatua zile mbili, tatizo linatoweka. Nikiutoa, linarudi. Nikaongeza neno volatile. Wapi! Hilo huifunga kompaila tu, prosesa haina habari nalo.

Hatimaye nikafungua memory-barriers.txt, waraka ambao David Howells aliuingiza kwenye kerneli ya Linux mwaka 2006. Jibu limo humo: mpangilio wa mistari ya kodi si ahadi kwa kifaa kilicho nje. Prosesa ikiona maandiko mawili yasiyotegemeana, ARM inaruhusiwa kulifikisha la pili kabla ya la kwanza. Prosesa za Intel na AMD, kwa memori ya kawaida, huyaonyesha kwa mpangilio wake. Ndiyo maana nyumbani sikuona kitu.

Kama bado haijaeleweka, nenda steji. Makanga akigonga bodi ya matatu, dereva anaondoa gari. Hageuki kuangalia nyuma, anauamini mlio ule. Sasa makanga akigonga mama akiwa bado na mguu mmoja chini, kosa si la dereva. Biti yangu ndiyo ile sauti ya kugonga, na lita ndizo yule mama.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, dma_wmb(), kati ya kuandika lita na kuwasha biti. Ni kizuizi: kila kilichoandikwa kabla yake kionekane na kadi kwanza, ndipo kinachofuata kionekane. Nilipokagua upande wa kusoma majibu ya kadi nikakuta kosa lile lile limegeuzwa: biti lazima isomwe kwanza, jibu baadaye. Hapo nikaweka dma_rmb().

Mistari miwili tu. Kuiandika kulichukua dakika moja. Kumpigia simu mwenye kioski na kusema "kosa ni langu" kulichukua muda mrefu zaidi. Kijana alirudishiwa pesa alizokatwa, na samahani nilikwenda kumpa mwenyewe, ana kwa ana. Alicheka, akaniuliza kama sasa mashine imejifunza kuhesabu. Nikamwambia kuhesabu ilijua tangu zamani, ila mimi sikuiambia isubiri.

Siku hizi mtu akiniambia "kwangu inafanya kazi", namuuliza kwanza kwake ni prosesa gani. Nanyi mkiandika draiva, msigonge bodi kabla abiria hajaketi.

Haya, tuonane tena.