Hapa Hapana Mtu

Neno "kambi" halina raha katika masikio ya Watanzania wengi. Tunayo kambi ya jeshi, kambi ya wakimbizi, kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, na ile kambi ya watahiniwa wa kidato cha nne wanaozuiwa kwenda nyumbani hadi mtihani upite. Mtu mwenye nyumba, kitanda na chandarua akikwambia kwamba leo anakwenda kulala porini kwa hiari yake, utamwuliza kwa upole kama kuna amani kwake. Starehe hiyo tumewaachia wageni, na hata neno letu la "safari" wamelichukua wakalipa maana hiyo moja tu. Sisi tukienda porini, huwa tumetumwa na mwajiri, tena kwa posho.

Kwa hiyo sikuamini nilipopigiwa simu Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, saa tisa na nusu alasiri, wakati ofisi za serikali zinapofunga milango. "Toka nje, tuko getini." Walikuwa watatu ndani ya Land Rover ya zamani: fundi, ambaye ndiye mwenye gari, mwalimu wa sekondari, na rafiki yetu anayefanya kazi ya mipango ya ardhi, aliyekuwa amekaa juma zima mbele ya ramani. Hapakuwa na maandalizi ya maana. Palikuwa na mahema mawili ya kuazima, sufuria, madumu mawili ya maji, nyama iliyonunuliwa njiani na blanketi zisizotosha watu wanne. Nilipouliza tunakwenda wapi, mwalimu alijibu kwamba tutajua tukifika.

Tulitoka Arusha, tukapita Makuyuni, na jua lilikuwa likielekea nyuma ya ukuta wa Bonde la Ufa tulipoingia Mto wa Mbu. Tulinunua ndizi nyekundu, kisha tukaiacha lami na kushika njia ya kaskazini kuelekea Engaruka. Upande wa kushoto ukuta wa bonde ulizidi kuwa mweusi; upande wa kulia palikuwa na nyika tu, migunga iliyotawanyika, na mbele kabisa, kabla giza halijatanda, kilele cha Oldoinyo Lengai, mlima uliotapika majivu mwaka 2007 na 2008 hadi mifugo ya watu ikakosa malisho. Vumbi la nchi hii ni laini kama unga wa muhogo. Fundi alisimama akapunguza upepo katika matairi yote manne, akaacha njia, akaingia nyikani kwa gia nzito. Tuliruka, tukayumba, tukacheka kama watoto. Sitaki kuificha furaha ile. Mtumishi wa umma ana haki ya kuiona nchi yake bila kubeba ripoti mkononi.

Hapo ndipo rafiki yetu wa ramani alipotazama kushoto na kulia, akanyoosha mikono, akasema kwa kuridhika: "Tulale hapa. Hapa hapana mtu."

Dakika chache baadaye gari lilizama katika mchanga wa korongo kavu. Fundi alikuwa angali chini ya gari na sepetu lake wakati tochi ilipowaka umbali wa hatua hamsini, na kijana mwenye shuka jekundu na simu mkononi akatokea. "Shikamooni, wazee," alisema. Hatukuwa tumejiona kuwa wazee hadi usiku huo. Alisukuma pamoja nasi mpaka gari likatoka, kisha akatuambia kwa adabu kwamba ingefaa tukamwone baba yake kabla ya kufungua mizigo.

Mzee alitupokea nje ya boma. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza tumetoka wapi na watoto wetu hawajambo, na baada ya hayo yote ndipo akaeleza. Tulipotaka kulala ni alalili. Ni malisho yaliyotengwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, mifugo mikubwa hupelekwa mbali ili majani haya yapate kukua. Hakuna anayeyagusa, na anayekiuka hutozwa faini na wazee. "Mnaona hakuna mtu kwa sababu tumekubaliana asiwepo mtu," alisema. Akatuonyesha mgunga mkubwa ukingoni, nje ya malisho, akasema tuwashe moto wetu pale.

Tulichoma nyama, lakini mazungumzo hayakurudi kwenye mpira. Sentensi ya rafiki yetu ilikaa nasi motoni kama mgeni wa tano, naye mwenyewe ndiye aliyeianza. Alisema sentensi ile si yake. Ameikuta ofisini, na ofisi imeirithi. Nadhani amesema kweli. Amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na aliyeamua kama ina mwenyewe alikuwa dola hiyohiyo. Waingereza walikuja na sheria yao ya ardhi mwaka 1923, wakaiweka ardhi yote ya nchi chini ya gavana. Tukajitawala. Kisha mwaka 1999 tukatunga sheria mbili: Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Ya pili inasema waziwazi kwamba malisho, mapito ya mifugo na ardhi iliyopumzishwa ni sehemu ya ardhi ya kijiji. Ya kwanza, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Isiyotumika kwa macho ya nani, na katika mwezi gani? Ukipeleka mkaguzi kwenye alalili mwezi wa Aprili, ataandika kwamba hakuona ng'ombe hata mmoja, na atakuwa ameandika ukweli. Mashamba ya mwekezaji yanaonekana mwaka mzima. Malisho ya akiba huthibitisha matumizi yake kwa kuachwa. Wanafunzi wangu hupenda kuniambia kwamba migogoro ya ardhi inatokana na rushwa. Rushwa ipo. Lakini ofisa mwaminifu kabisa, mwenye kalamu safi, anaweza kuwafukuza watu elfu kwa neno hilo moja.

Mwalimu alikumbusha kwamba hata wapanda mbegu hawakusalimika na macho hayo. Hatua chache kutoka kijiji cha Engaruka, chini ya ukuta wa bonde, yapo magofu ya mashamba ya kumwagilia yaliyojengwa kwa mawe, mifereji na vijaruba, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Watu walilima hapo karne kadhaa, kuanzia yapata karne ya 15 hadi ya 18, na hatimaye wakahama. Msafiri aliyepita baadaye bila kuinama aliweza kuandika kwamba ni nyika tupu.

Palikuwa na kimya, kisha fundi, ambaye hapendi siasa, akauliza swali lililokuwa halijaulizwa: sasa ndama wa mzee wana karatasi? Rafiki yetu alieleza kwamba njia ipo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja, iliyotolewa kwa jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja, na vijiji kadhaa vya wafugaji vimefuata. Inahitaji mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ramani, mikutano, na fedha ambazo halmashauri husema hazipo. Zinapatikana, hata hivyo, kila inapotakiwa kuweka vigingi. Mwaka 2022 kule Loliondo, kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa alama kwa siku chache.

Baridi ya alfajiri ilitutoa mahemani mapema kuliko tulivyopenda. Mzee alikuja na maziwa ndani ya kibuyu, akaketi juu ya dumu letu. Rafiki yetu alitoa daftari dogo, akamwomba amtajie miezi ambayo alalili hufungwa na miezi ambayo hufunguliwa. Mzee alifikiri.

"Inategemea mvua."

"Kwa kawaida, mzee. Tuseme Juni mpaka Oktoba?"

"Ukiandika Juni, na mwaka mvua zikichelewa kuisha, utatuletea askari?"

Rafiki yetu aliyafuta maneno aliyokuwa ameandika, akaanza upya, safari hii akiuliza nani huamua siku ya kufungua, na huitishwa mkutano gani. Daftari lilijaa kurasa tatu. Tulianza kung'oa mahema, maana ndama walikuwa wamekwisha kufika.